Sauti ya friji saa nane usiku

Kilichoniamsha si harufu. Ni chai. Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya tangawizi kwa sababu ya baridi ya Lushoto, na saa nane usiku nikajikuta macho makavu, nasikiliza manyunyu yakigonga bati la gari, najishawishi nivumilie hadi kukuche. Ndipo nikasikia harufu ya kitunguu kilichooza. Nikadhani ni taka tulizosahau chini ya sinki. Nikageukia upande wa pili.

Halafu nikakumbuka kwamba safari ile hatukununua vitunguu.

"Baba watoto." Nikamgusa bega. "Gesi."

Aliamka kwa mshtuko, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye simu ili awashe tochi. Nikaudaka gizani. Usiwashe. Usiwashe chochote. Tukashuka kitandani kwa kupapasa. Watoto walikuwa wamelala chini, kwenye godoro lililoko kati ya viti vya mbele na kabati la jiko. Mkubwa alikuwa amemkumbatia mdogo wake, blanketi limewafika puani. Nikawaruka, nikaanza kutafuta kitasa cha mlango.

Kabla sijakipata, friji ikajiwasha.

Tk.

Kisha ule mngurumo wake mdogo, kama kila siku.

Hakuna kilichotokea. Mlango ulifunguka, baridi ikaingia, tukawatoa watoto mmoja mmoja na kuwasimamisha kwenye majani yaliyolowa wakiwa wamejifunika khanga zangu. Baba watoto akazunguka nyuma, akaufunga mtungi. Mdogo akauliza kama ni asubuhi. Mkubwa akaniuliza kwa nini nalia.

Taa ya ndani ya gari letu, ile inayojiwasha mlango ukifunguliwa, ilikufa miaka mingi nyuma. Mwaka mzima nilikuwa namlalamikia baba watoto aitengeneze.

## Kipanya kilichostaafu

Kwa wasiofuatilia blogu hii tangu mwanzo: gari letu ni haisi ya dizeli iliyobeba abiria wa Mbagala hadi ilipochoka, mjomba akatuuzia kwa bei ya undugu. Tuling'oa viti, tukaweka kitanda, kabati, sinki la plastiki na tangi la maji. Maandishi ya ruti bado yanasomeka chini ya rangi mpya jua likipiga kwa upande. Kila tukipita Mlandizi au Chalinze kuna mtu anatupungia mkono, na mara moja baba watoto alijisahau akasimama kabisa.

Umeme wetu wa kwanza ulikuwa wa kubahatisha. Paneli moja ya wati 100 juu ya paa, betri moja ya maji ya N100, friji ndogo ya volti 12, taa tatu na chaja za simu. Kupika tulipikia gesi: jiko la plate mbili juu ya kabati, mtungi wa kilo 6 nyuma ya kabati, mpira ukipita kwenye tundu la bati katikati yao.

Tundu hilo nililitoboa mimi. Nakumbuka nilivyojisikia fundi siku ile.

## Gesi hushuka

Asubuhi tulifungua kabati tukaliona tatizo bila kulitafuta sana. Ukingo wa tundu ulikuwa wa bati tupu, hatukuuvisha raba. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ina kona na mitetemo ya kutosha, na kila mtetemo uliusugua mpira kwenye ule ukingo kama msumeno butu. Palikuwa na mchubuko wa urefu wa kucha, na katikati yake mpasuko ambao nisingeuona kama nisingepaka povu la sabuni. Povu likachemka taratibu, viputo vidogo, kimoja baada ya kingine. Na usiku ule hatukuwa tumefunga mtungi. Tulizima jiko tu, kama tunavyofanya nyumbani.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatafuta dirisha. Inamwagika kama maji, inajaza sakafu kwanza, na yenyewe haina harufu. Ule uvundo huongezwa kiwandani ili tuusikie. Mimi niliyelala juu niliusikia nikiwa macho, tena kwa bahati ya tangawizi.

Watoto walikuwa sakafuni.

Nyumbani nilipiga hesabu ambayo ningefanya vizuri kuiacha. Gesi hiyo ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja inatosha. Ndani ya haisi kama yetu kuna mita za ujazo saba au nane. Kwa hiyo kama gramu 300 zingeweza kulijaza gari zima kiasi hicho, na kwa kuwa gesi hukusanyika chini, pale chini zisingehitajika hata hizo. Mtungi wetu ulikuwa na kilo 6.

Wiki tatu baada ya safari, friji ya nyumbani, kubwa, haina kosa lolote, ilikuwa ikijiwasha usiku nami nakaa kitandani wima.

## Inveta ya ngapi?

Baba watoto aliona jambo limekwisha. Tununue mpira mpya, tuvishe raba kwenye tundu, tuwe tunafunga mtungi kila usiku, tuendelee. Mtu mwenye akili timamu angekubali. Mamilioni ya watu wanapikia gesi, na nyumbani kwetu pia tunapikia gesi. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Muheza kwa ajili ya kliniki, alishangaa zaidi. "Gesi ndiyo nishati safi, mwanangu. Redio inasema kila siku." Kweli inasema. Tangu mkakati wa taifa uzinduliwe mwaka 2024, na lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, hata wauza mkaa wa mtaani kwetu wanaijua hiyo namba.

Lakini jikoni kwangu hakuna mtu anayelala sakafuni karibu na mtungi. Na jikoni kwangu hakutikisiki kilomita 300.

Nikaamua kwenda Kariakoo kuulizia kupika kwa umeme. Maduka manne, swali moja: "Dada, unataka inveta ya ngapi?" Yaani kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Kama vile mtu anavyoulizwa saizi ya kiatu. Sikujua. Duka la tatu walinionyesha moja imeandikwa wati 3000, bei ya kuchekesha, nyepesi kama boksi la biskuti. Nikaipiga picha, nikamtumia fundi wangu wa umeme, mzee mmoja wa Tabata ambaye hufanya kazi chini ya mwembe na kuongea na nyaya kuliko watu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti uliojaa kicheko: "Hiyo 3000 ni ya kwenye stika, dada. Iache hapohapo."

Nilirudi nyumbani na vipeperushi, nikavitandaza mezani. Mama alikuwa anachambua mchele. Akanitazama nikikokotoa na kufuta, kukokotoa na kufuta, kama nusu saa nzima.

"Kwani huko porini mnakula nini?"

Nikamwambia tunakula kama nyumbani. Maharage, ugali, mboga, chai.

"Sasa hizo ndizo ungeanza kuzihesabu."

Video zote nilizokuwa nimetazama zilikuwa za Wazungu wakikaanga yai na kuchemsha kahawa kwenye magari yao mazuri. Hakuna hata mmoja aliyechemsha maharage. Mfumo wao uliundwa kwa yai. Mimi nilikuwa najaribu kununua inveta ya mtu anayekula yai.

## LUKU kama mizani

Usiku ule nilizima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, nikaacha soketi moja tu ya jikoni. Nikaandika namba iliyobaki kwenye LUKU, mita yetu ya umeme, nikapika, nikaandika tena. Majirani walidhani umeme umekatika kwetu peke yetu.

Maharage nusu kilo, yaliyolowekwa tangu asubuhi, kwenye jiko letu la zamani la koili: uniti 1.6. Saa mbili na dakika kumi.

Kesho yake, maharage ya mfuko uleule, nusu kilo vilevile, kwenye presha kuka ya umeme niliyoazima kwa shoga yangu: uniti 0.31.

Nilirudia siku ya tatu kwa sababu sikuamini. 0.33.

Siri yake si kubwa. Chungu kimezibwa, kina vazi la kuzuia joto, na kikishafikisha presha, koili yake inapumzika muda mwingi kuliko inavyofanya kazi. Inawaka kidogo, inazima, inawaka. Jiko la koili lenyewe lilikuwa linapasha jikoni kwangu, mimi, na paka.

Chai ya maziwa, lita mbili: 0.26. Ugali wa watu wanne kwenye jiko la induksheni la kuazima, lile la kioo linalopasha sufuria yenyewe kwa sumaku: 0.24. Mchicha wa nazi: 0.12. Siku nzima ya chakula chetu haikufika uniti moja. Friji ya gari inakula kama 0.4 kwa siku kwenye joto la Dar, taa na feni na simu 0.15. Jumla uniti moja na nusu.

Hapo ndipo namba zilipoanza kunitii. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200 inabeba uniti mbili na nusu, na unaweza kuitumia karibu yote. Betri ya maji ya ukubwa huohuo ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo ungehitaji karibu mara mbili yake, na uzito wake ungemaliza springi za nyuma. Paneli mbili za wati 200 zinaenea juu ya paa la haisi. Kwa saa tano za jua la maana, ukitoa hasara ya joto, vumbi na kulala bapa, zinaleta uniti 1.4 hivi. Siku ya ukungu wa Usambara haziwezi kufika hata nusu ya hapo, ndiyo maana tukaongeza chaja ya kuchukua umeme wa injini, ampea 30. Alitineta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ya gari la umri huu usiiunganishe moja kwa moja na betri ya lithiamu. Betri itafyonza kila kinachozalishwa hadi alitineta iungue. Ile chaja inaipimia kwa kijiko. Saa tano za barabarani zinaingiza karibu uniti mbili, na Dar hadi Lushoto ni zaidi ya saa hizo, hata foleni ya Kimara ikikuonea huruma.

Bei ya betri ilinikosesha usingizi kwa namna nyingine. Sitaitaja, mama anasoma hapa.

## Sumaku

Presha kuka haina masharti, inakuja na chungu chake. Induksheni ndiyo yenye maringo. Haiwashi sufuria za alumini, na sufuria zetu zote, zako na zangu na za mama lishe, ni alumini. Inataka kitako kinachovutwa na sumaku.

Kwa hiyo nilizunguka Kariakoo na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Naingia dukani, nasalimia, natoa sumaku kwenye pochi, nabandika kwenye kitako cha sufuria. Inaanguka. Nashukuru, naondoka. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ni mambo ya kiganga. Mwingine aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba sufuria ni ya chuma, na sumaku ikadondoka mbele yake na kubingirika chini ya kaunta, tukaitafuta wote wawili kwa magoti. Duka la tisa, sumaku iling'ang'ania. Nikainyanyua sufuria kwa sumaku, watu wakatazama.

Suala la kusonga ugali nililigundua nyumbani. Ukisonga, sufuria inacheza, na ikiachana na kioo kidogo tu jiko linalia pii na kuacha kupasha. Ndani ya gari ni balaa zaidi, paa liko karibu, kiwiko kinagonga kabati, huwezi kuweka mguu kushikilia kama ulivyozoea jikoni kwa bibi. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea pete ya nondo yenye mikono miwili iliyofungwa kwenye kabati, sufuria inakaa humo bila kuhama. Alitoza elfu kumi na tano. Katika vitu vyote vilivyomo ndani ya gari lile, pete hiyo ndiyo ninayoipenda kupita vyote.

## Jaribio la uani

Fundi wa Tabata alifunga mfumo kwa siku mbili. Siku ya kwanza alileta waya wa jampa, akasema unatosha. Nilikuwa nimeshasoma kidogo, nikambishia, naye akanistahi akakaa tukahesabu pamoja kwenye boksi la inveta. Wati 1000 nyumbani, kwenye volti 230, ni ampea nne na kitu. Wati hizohizo zikitoka kwenye betri ya volti 12 ni ampea karibu 87. Ni sawa na abiria wa basi zima kushukia dirishani. Alitazama waya wake, akautazama tena.

"Kweli, dada. Huu utaiva kabla ya maharage."

Kesho yake akaja na waya wa shaba wa milimita za mraba 50, mfupi iwezekanavyo, na fyuzi ya ampea 200 shibiri moja tu kutoka kwenye betri.

Jioni tukawasha induksheni. Mimi kwa kiherehere nikaipandisha hadi 2000. Sekunde mbili, tatu, kisha gari zima likawa giza. Feni ikasimama, friji ikanyamaza. Watoto wakapiga kelele za furaha kama wanavyofanya TANESCO wakikata.

Sio inveta iliyokataa. Ndani ya betri ya lithiamu mna ubao wa ulinzi unaoamua kiasi gani kitoke, na wa kwetu mwisho wake ni ampea 100. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja na betri. Karatasi hiyo nilikuwa nimefungia kisu. Mimi nilijaza vipeperushi meza nzima lakini kile kikaratasi kimoja sikukisoma, na hadi leo nikikumbuka naona aibu mbele ya fundi. Sasa sheria ni kwamba induksheni haivuki 1000, na haipiki pamoja na presha kuka. Ugali unasubiri maharage yaive. Huwa unasubiri hata hivyo.

Baada ya dakika ishirini za kupika kwa adabu, fundi aliniita nyuma. "Gusa hapa." Nikagusa waya: wa vuguvugu. "Na hapa." Nikagusa nati ya terminali, nikatoa kidole haraka. Palikuwa na harufu ndogo ya plastiki. Nati haikukazwa hadi mwisho, na mahali paliposhikana vibaya ndipo umeme wote ulipokuwa unahangaika kupita. Akaikaza kwa spana, robo mzunguko tu. Nikagusa tena baada ya muda. Baridi.

Nilibaki nimechuchumaa pale muda mrefu. Nilikimbia gesi kwa sababu ya mpira uliosuguka, na hapa nilikuwa nimeingiza ndani ya gari kitu kingine kinachoweza kuwaka moto kwa sababu ya nati moja na barabara mbovu. Nikamwambia fundi hivyo. Hakunibembeleza. Alisema kila baada ya safari nikaze nati, na kwamba gesi ikinitoroka inanisubiri gizani, ila nati ikilegea itaniambia mkono wangu ukiigusa. Sijui kama ni kweli kabisa. Lakini nakaza nati.

## Mtungi haukutupwa

Kilichonitia mashaka zaidi ni hesabu ya mwisho, ile niliyoiogopa. Kilo 6 za gesi zina joto la uniti 75 hivi. Hata nusu ikipotelea pembeni mwa sufuria, zinabaki zaidi ya 35 zinazoingia kwenye chakula. Betri yangu ya bei isiyotajwa inabeba mbili na nusu. Ningehitaji betri kama kumi na nne kuufikia mtungi mmoja ninaoubeba kwa mkono.

Baba watoto alitazama namba hizo, akanyamaza kwa heshima. Ningependelea angecheka.

Tofauti ni kwamba mtungi ukiisha Matamba, kule milimani kwenye baridi, unatafuta duka, na betri ikiisha Matamba unasubiri kukuche. Hilo lilinipa nguvu, ila si kwa muda mrefu, maana chapati zilinirudisha chini. Chapati kumi na sita kwenye induksheni ya wati 1000, na kikaango kinachovutwa na sumaku ambacho ni kizito kama dhambi, zilikula zaidi ya nusu uniti na zikatoka na baka katikati.

Kwa hiyo mtungi upo. Mdogo, wa kilo 3, unakaa nje kabisa, kwenye kreti ya nondo iliyofungwa nyuma ya gari, chini ikiwa wazi ili kinachovuja kidondokee barabarani. Jiko lake linawashwa likiwa chini ya mti. Mpira haupiti kwenye bati lolote.

Watu wengi waliniandikia kuhusu jiko la mkaa, eti mbona rahisi, liweke mlangoni baridi ikizidi. Naomba hapa nisiwe mpole. Mkaa ndani ya gari ni kifo kisicho na harufu. Gesi angalau wameitia uvundo. Hewa ya sumu ya mkaa haina hata huo, unasinzia tu.

## Hamsini na Saba

Mwezi wa saba tulikwenda Kitulo, hifadhi ya maua kule nyanda za juu kusini. Maua huanza na mvua za mwisho wa mwaka, kwa hiyo sisi tuliikuta baridi peke yake, lakini likizo ya shule haiulizi maua. Kutoka Chimala barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kuzifanya jina: Hamsini na Saba. Mkubwa alihesabu 54. Mdogo alitapika kwenye ya 31.

Kule juu ni mita 2,600 hivi, na maji yanachemka yakiwa na nyuzi 91 tu. Unaona mapovu, unadhani mambo tayari, lakini majani ya chai yanatoa rangi kwa uvivu. Nilijaribu maharage kwenye gesi, nje, kwa ubishi wangu. Saa tatu. Yalikuwa yanagongana kwenye sufuria kama kokoto. Nikayahamishia kwenye presha kuka, ambayo inajitengenezea presha yake ndani na haijali sana mlima, na baada ya dakika arobaini yalipondeka kwa ulimi.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, zinaharibika ndani kwa ndani. Fundi alitaka kuifunga yetu chini ya gari ili kuokoa nafasi, tukakataa, ikakaa chini ya kitanda pamoja nasi. Usiku ule wanne tuliipasha joto kwa pumzi zetu. Jua lilipotoka, paneli zikaanza kazi.

Tulipokuwa tunafungasha Matamba, bibi mmoja alikuja na gunia la viazi kichwani, akalitua kando ya tairi, akalitazama gari kuanzia taa hadi taa. Jua lilikuwa la upande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chimala shilingi ngapi?"

Tulimwambia si la biashara, ila tutamshusha Chimala bila nauli, asubiri tu maharage ya njiani yaive. Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Akatafuta jiko kwa macho. Akatafuta moshi. Aliposikia chungu kikipumua akavuta miguu yake nje. Nikamwelezea: jua, paa, betri, chungu. Akawa anaitikia "ee" mahali panapostahili, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

Nikampakulia kwenye bakuli, maharage matupu na chumvi. Akala taratibu hadi chini.

"Yameiva," akasema. "Ila hayana moshi."

Alikaa kiti cha mbele akiwa na gunia miguuni, na kona ya kumi na ngapi sijui akageuka kutazama nyuma ya gari, sinki, pete ya nondo, kitanda.

"Na hawa watoto wanalala wapi?"

Nikamwonyesha kitanda cha juu. Tulibadilishana tangu Pasaka, tangu tuliporudi kutoka Lushoto. Wao wanalala juu na baba yao. Akauliza na mimi je.

Gesi haijaingia tena ndani ya gari lile. Sakafuni hakuna kitu zaidi ya raba na mchanga. Friji ikijiwasha usiku, tk, naisikia vizuri sana, maana kichwa changu kiko futi moja kutoka ilipo.